Trekta la Dada na Nyumba ya Uani

3 Machi

Mdogo wangu,

"Kile kitrekta ni cha kukatia majani kwenye viwanja vya wenye nafasi. Pori la nyuma linataka wanaume kumi na mapanga, tena msimu mzima." Maneno hayo ni yako. Yako kwenye barua yako ya mwezi uliopita, ukurasa wa pili, chini kabisa, mahali unapoficha mambo yako siku zote. Nimeyasoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa raha, maana ni nadra mtu kukosea mara tatu ndani ya sentensi mbili.

Lakini salamu kwanza, tusije tukaonekana hatukulelewa. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika kila asubuhi, nami nalijibu. Kuku wamebaki saba. Wa nane amehamia kwa jirani kwa hiari yake na sijamfuata. Tangu nistaafu maktaba bado naamka saa kumi na mbili, napanga vitabu vyangu upya, kisha naviangalia na kuvirudisha vilivyokuwa. Vipi presha yako? Vipi wanao watatu? Yule mkubwa, mwanasheria, bado anaomba chumvi kama anayesoma hati ya mashtaka?

Haya, sasa tupigane.

Wale watu kumi tumeshawajaribu. Uliniletea wewe mwenyewe mwaka juzi. Walifyeka siku tatu, wakapumzika siku nne, na baada ya mvua mbili pori lilirudi limenenepa. Na trekta si la majani. Gurudumu la nyuma linanifika kiunoni. Nyuma limefungwa mashine ya kufyekea yenye visu viwili ambavyo siwezi kuinua hata kimoja kwa mkono, na mbele lina koleo la chuma lenye upana wa kitanda. Halafu linapita kwenye geti letu bila kugusa nguzo. Trekta kubwa lingetulazimisha kubomoa ukuta ili tusafishe uwanja! Udogo unaoucheka ndio uliofanya nilichague. Ama hilo neno "wanaume", sitalijibu kwa hoja. Nitalijibu kwa kazi.

Mwenye trekta ni Mzee Spana, fundi magari wa pale kona. Alilikuta limekufa kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa, akalifufua. Amenifundisha wiki nzima na ameniachia mpaka mwisho wa Agosti kwa sharti moja. "Mama," ameniambia, "ukisikia sauti imebadilika, zima. Usibishane nalo. Hili halisomi magazeti." Nadhani alikuwa anasema juu ya barua zangu kwa mhariri.

Jambo lenyewe unalijua. Tarehe 31 Agosti unastaafu na kutoka kwenye nyumba ya hospitali. Ulisema ungerudi kwenye nyumba ya uani, ile mliyoijenga wewe na marehemu wifi yangu nyuma ya kwangu, "iwapo ingefikika". Na kwa kuwa pori limeimeza na haifikiki, eti umekubali chumba cha wageni kwa binti yako, ghorofa ya nne. Sawa. Mimi nitaifikia. Siku nitakayoweka kiganja kwenye ule mlango, utakuwa umeishiwa sababu.

Usinipigie simu. Kwenye simu huwa unanikata, na barua haina kitufe.

Dada yako


19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika na tope kwenye kona, nikajua vita vimeanza kabla sijafungua bahasha.

Huku wazima. Presha haijambo, inayopanda na kushuka ni hospitali. Wameanza kuniaga mapema mno. Jina la atakayeshika nafasi yangu limeshabandikwa kwenye mlango wa chumba cha dawa, chini ya langu, kwa herufi kubwa kuliko zangu. Binti mkubwa ametundika mapazia kwenye hicho chumba. Ya kijani. Anasema kijani kinatuliza. Nikamuuliza, kinamtuliza nani? Akasema, "Baba, tusifike huko." Wa kati bado anapika hotelini na hali chakula cha mtu mwingine. Kitinda mimba yuko kwenye duka la viatu, anatazama miguu ya watu kabla ya nyuso.

Nakuja kwenye trekta. Kwanza, sikuandika "wanaume". Niliandika "watu". Pili, umepima oili? Mkanda wa feni ni mzima? Ile pini ya shafti inayokatika ili gia isivunjike, unazo za akiba? Tairi zina upepo sawa pande zote? Kiti kina mkanda?

Tatu, na hili lisome ukiwa umekaa. Usiingie kwenye mimea ya kutambaa ikiwa mibichi. Kichaka kinakatika. Mmea wa kutambaa haukatiki, unajizungusha. Utajiviringisha kwenye shafti inayozungusha visu, kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani, mpaka trekta lisimame. Kata mashina kwa msumeno wa mkono, uyaache wiki tatu yakauke, ndipo uingie na mashine. Najua hutasikia. Naandika ili iwepo kwenye kumbukumbu.

Nakutakia kazi njema, polepole.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Ninayo barua yako ya Februari hapa mezani. Umeandika "wanaume". Nimelipigia mstari kwa wino mwekundu na barua nitaihifadhi.

Nyumbani kwema. Jirani amenirudishia kuku, akiwa amenenepa na mwenye dharau. Mvua zimeanza ila si za kutisha.

Kazi inaendelea vizuri sana. Nimesafisha kuanzia mlango wa jiko langu mpaka kwenye mpera, upana wa matrekta manne. Utaratibu wenyewe ungekuchekesha: mtu haendi mbele, anakwenda kinyumenyume. Ukiingia kwa mbele, unakanyaga kichaka kwanza, kinalala, visu vinapita juu yake. Ukirudi nyuma, mashine ndiyo inayotangulia kula, na magurudumu yanapita mahali palipokwisha kuliwa. Kwa hiyo nimeshinda siku nzima nimegeuza shingo kama bundi, narudi nyuma huku nasonga mbele. Ningekuwa bado naandika gazetini ningepata makala tatu humo.

Pori limenirudishia beseni la mama, gurudumu moja la baiskeli ya baba, na kiatu chako cha shule cha kushoto, ambacho ulichapwa kwa kukipoteza ukasema nimekitupa mimi. Nilikitupa mimi. Samahani.

Tulisimama siku chache kwa sababu za kiufundi. Sasa tunaendelea.

Usijali.

Dada yako


2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na pole.

Nimesema pole. Nimesoma mwandiko wa madaktari kwa miaka thelathini na minne. Naweza kukuambia daktari gani hakulala na yupi amegombana na mkewe. Barua yako ya Machi herufi zinaegemea kulia, kama wewe unapobishana. Ya Aprili zimelala kushoto, na kila mstari unashuka mwishoni. Hiyo umeandika kwa mkono usio wako. Mkono wa kulia una nini? Umevunjika, umeteguka, au umechomwa na mwiba ukavimba? Na hizo "sababu za kiufundi" zilijizungusha mara ngapi kwenye shafti?

Mimi sicheki. Nimecheka kidogo tu, nimeshamaliza.

Funga bandeji kuanzia vidoleni kwenda juu, si kutoka juu kwenda vidoleni. Lala mkono ukiwa juu ya mto. Trekta lilipokwama, ulizima injini kabla ya kushuka? Nijibu hilo hata kama hutajibu mengine.

Huku binti ameongeza meza ya kitandani yenye magurudumu. Nimemwambia sijalazwa. Akasema ni ya kuwekea magazeti.

Vichujio vya dizeli ulibadilisha? Na gurudumu la kulia la mbele Mzee Spana analionaje?

Kiatu kimesamehewa. Zile fimbo, bado.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilizima injini. Nilikaa kitini nikahesabu mpaka thelathini, kama nilivyofundishwa, ndipo nikashuka. Kifundo cha mkono kiliteguka kesho yake, nilipokuwa nachomoa mimea ya kutambaa kwenye shafti kwa kisu cha jikoni, tena nikiitukana. Mzee Spana alikuja, akatazama ule mpira wa kamba za kijani, akatazama mkono, akasema, "Na bwana mfamasia alishakuandikia." Nimegundua kuwa mlango wangu wa mbele haufungi, kwa sababu barua zangu zinasomwa na kila anayeomba maji ya kunywa. Basi. Ulikuwa sahihi kuhusu mimea mibichi. Nimelisema mara moja na silirudii.

Tangu hapo nimefuata dawa yako. Nilikata mashina kwa msumeno, mkono wa kushoto, nikasubiri wiki tatu. Yalikauka, trekta likayasaga kama mkate wa juzi. Siku nne tu! Mkono umepona, kama unavyoona herufi zimesimama.

Sasa sikiliza, maana na mimi nilikuwa mkutubi, na kazi ya mkutubi ni kuona kitabu ambacho hakipo rafuni. Nimepanga barua zako zote mezani. Umeuliza oili. Umeuliza mkanda, pini, tairi, kichujio, kiti, gurudumu la kulia la mbele. Hujauliza mlango. Hujauliza kama paa lipo. Nyumba ni yako, na wewe unaulizia trekta la watu.

Nimeifikia. Jumanne, saa tano asubuhi.

Ukuta mzima. Madirisha mawili mazima, la tatu limetoka kioo. Lakini kibarazani kuna shina moja la mzabibu, nene kama paja langu, na paja langu unalijua. Umetoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia ambalo umelipasua zamani na kulivaa kama kola. Umepanda nguzo ya kwanza, umeingia chini ya paa, umetoka upande wa pili, umefunika kila kitu mpaka kwenye ua. Karibu kila kilichofunika hiyo nyumba ni huo mti mmoja. Nakumbuka vizuri nani alilibeba hilo kopo mikononi siku mliyohamia, akaniambia, "Wifi, nyamaza. Huu utaota." Ndiye mtu pekee aliyewahi kuninyamazisha.

Nilifunga mnyororo kwenye shina, nikaufunga upande wa pili kwenye trekta. Ningevuta mara moja tu. Kisha nikamwita seremala atazame nguzo. Akazigonga moja moja kwa ncha ya nyundo, zikalia kama madebe. "Mama, fungua huo mnyororo taratibu," akasema. "Hizi mchwa wamekula wakabakiza rangi. Paa la baraza linashikiliwa na mti. Ukivuta, utalikuta sakafuni, na ukuta wa mbele utalifuata."

Nimefungua mnyororo. Mlango una kufuli na ufunguo sina, sikuwahi kupewa.

Mzabibu si wangu kuukata wala kuuacha. Nijibu: niukate, niuache, au unakuja?

Dada yako


11 Julai

Mdogo wangu,

Wiki sita. Posta nimeshaiuliza, wanasema barua zinakwenda.

Sisi wazima. Kuku tisa, sielewi hesabu yao. Binti yako mwanasheria ameniandikia barua rasmi yenye aya zilizopewa namba, nitaijibu kwa wakati wake.

Trekta limeegeshwa mbele ya kibaraza chako, limetazama mlango. Nimekataa kulisogeza. Wewe je?

Dada yako


20 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Mei ilifika baada ya siku tano. Ya Julai, siku tatu. Posta haina kosa.

Ulisema umeona kitabu kisichokuwepo rafuni. Nakirudisha basi.

Wale watu kumi wa mwaka juzi hawakuwa wavivu. Siku nilipokutana nao niliwaambia wafyeke mpaka kwenye mpera, na kuanzia mpera kwenda nyuma wasiguse hata jani. Wakaniuliza kwa nini. Nikasema kuna nyoka. Hakuna nyoka. Wewe ukawaandika kwenye barua zako kama mfano wa uzembe wa taifa zima, na mimi nikakaa kimya.

Nilifunga ile nyumba wiki moja baada ya mazishi. Kikombe chake kiko kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, alichokunywea chai asubuhi ile, na sikukiosha. Miaka kumi na moja. Ufunguo uko kwenye droo ya chumba cha dawa, nyuma ya maboksi ya chachi, ambako hakuna anayefika. Kila nilipokuja kukuona na kukuta pori limepanda zaidi, nilikuambia "hali mbaya, dada", na moyoni nikaona afadhali. Nilitaka pasifikike. Nikisema sababu ni pori, hakuna mtu angeuliza zaidi. Kisha ukaenda ukatafuta trekta.

Nilikasirika nawe wiki nne. Wiki ya tano nilijikuta natazama dirishani nikiwaza kama zabibu zimetoka, na kama bado ni zile chachu.

Usikate. Usivute. Nataka kuja.

Shida ni hii, na usinicheke: sijui namna ya kumwambia binti. Ameshanunua mapazia. Jana ameleta na kapeti la kijani. Kila nikifungua mdomo ananiwekea mto mgongoni. Wadogo zake wanamuunga mkono kwa sababu wanamwogopa, na mimi naona aibu kusema namwogopa pia. Wewe huogopi mtu. Nakuomba uniandikie maneno ya kumwambia, mafupi, nitayakariri.

Mdogo wako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba kwa sauti.

Kuhusu watu kumi: nimewasema vibaya mbele ya wasomaji wa magazeti mawili. Nitaomba radhi kwa maandishi. Aibu hiyo nitaibeba mimi, lakini wewe utabeba maji ya kuwapikia chai siku nitakapowaita waisikie.

Zabibu zimetoka. Chachu vilevile. Nimekula kumi na mbili ili kuhakikisha.

Kikombe usikiwaze. Kitaoshwa siku utakayotaka kukiosha, na kama hutaki, kitakaa hapo hapo, tena mbu nitamfukuza mimi. Ila ufunguo utoe leo kwenye hiyo droo, kabla mrithi wako hajapanga chachi upya.

Sikuandikii maneno ya kukariri. Ungeyasahau ukifika kwenye mto. Nimeweka karatasi ya pili humu ndani. Mpe binti aisome kwa sauti, wadogo zake wakiwepo, na wewe ukae kimya, kazi unayoijua.

Dada yako


Karatasi ya pili

Wanangu watatu,

Shangazi yenu anawasalimu. Natumaini mko salama, mnakula vizuri na hamgombani.

Mwanasheria ameniandikia, aya ya kwanza: "Baba hana hali ya kuishi peke yake." Nakubali. Ndiyo maana simwiti kuishi peke yake. Kutoka jiko langu mpaka mlango wake ni hatua mia na ishirini, nimezipima kwa trekta na kwa miguu, na sauti yangu inafika mbali kuliko hapo, nyote ni mashahidi. Aya ya pili: "Mahali penyewe hapafikiki." Panafikika. Njia, hata panapobana, ina upana wa matrekta mawili, na hata gari la kubeba wagonjwa lingepita, ingawa sitegemei. Aya ya tatu: "Tumeshatayarisha chumba." Hapo, mwanangu, hukuandika hoja, umeandika huzuni. Unaogopa akirudi kwenye ile nyumba atakaa anamwaza mama yenu. Atakaa anamwaza. Kwenu pia anamwaza, ila huko anajificha nyuma ya pazia ili msimwone, na mnadhani ametulia kwa sababu ya rangi.

Mmemuuliza kila kitu isipokuwa anataka nini. Amenijibu mimi kwa maandishi, na barua ninayo: anataka kuja. Hakuwaambia kwa sababu mnampenda kwa nguvu mno, akakosa pa kuingizia neno.

Sasa kazi. Paa la kibaraza linashikiliwa na mzabibu wa mama yenu. Seremala ameshachonga nguzo mpya, ngumu, zimepakwa dawa ya mchwa mara tatu. Jumamosi tarehe 24 nitaingiza koleo la trekta chini ya boriti na kulinyanyua paa kiasi cha upana wa kiganja, si zaidi, ili shina lisichanike. Seremala atatoa nguzo mbovu na kuingiza mpya. Nitakaposhusha, kila nguzo lazima iwe na mtu wa kuishika wima, asiyecheka, asiyejibu simu, asiyetoa ushauri. Seremala amejitolea kuleta vibarua. Nimemkatalia. Mzabibu huu haukupandwa na kibarua.

Wewe mwanasheria, acha viatu vya kisigino nyumbani. Wewe mpishi, njoo umekula. Wewe wa viatu, wavalishe wenzio buti. Mapazia yafungeni mje nayo, madirisha ya kule yana njaa ya kitambaa. Mwekeni baba yenu kiti cha mbele garini na msimtilie mto mgongoni.

Mfike saa mbili asubuhi. Injini itakuwa imeshapata moto. Nguzo ni nne: baba yenu anashika ya kwanza, ile ya mzabibu. Zilizobaki ni tatu, na mko watatu. Njooni mzishike.

Shangazi yenu